Meno ya Bibi Véronique

Wakunga hawahitajiwi kila siku. Miezi hupita kijijini bila mtoto kuzaliwa, na mkunga huonekana kama mwanamke mwingine yeyote: analima, anachota maji, anakohoa. Hapo ndipo watu hujisahau, wakamcheka. Wahenga walituonya, na onyo lao halihusu uzazi peke yake.

Miaka ile Wabelgiji walipokuwa wangali wanatawala, Mathilde alikaa na mumewe Théophile, seremala, katika kijiji kimoja kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Alikuwa amesoma kwa masista hadi darasa la tatu, na nyumba yake ilikuwa safi kama yai. Jambo moja tu lilimtia haya. Mama mkwe wake, Bibi Véronique, alikuwa amechongwa meno ya mbele tangu utotoni, kwa desturi ya wazee ambayo siku hizo ilikuwa imekwisha kuachwa. Yalikuwa na ncha kama misumari. Zamani hayo ndiyo yaliyokuwa uzuri wake.

Siku moja masista walitarajiwa kuja kutazama watoto. Mathilde alimwambia mama mkwe wake, “Mama, wageni wakiingia, ubaki jikoni. Meno yako iko kama ya mamba. Wataogopa.”

Cécilia, binti yake wa miaka tisa, alicheka. “Bibi mamba,” akasema.

Mzee alichukua kigoda chake akaenda jikoni, na kesho yake akahamia kibanda kilichokuwa nyuma ya migomba, akawa anapika peke yake. Mzee anayepika peke yake hana haja ya kueleza kitu.

Haikupita miezi miwili. Cécilia alikuwa akitwanga muhogo na mwenzake, kila mmoja na mchi wake, huyu akiinua na yule akishusha. Cécilia aliinama kuokota kipande kilichoruka. Mchi wa mwenzake ukampata mdomoni. Meno manne ya juu yakalala nyuma kama mabua yaliyopigwa na upepo.

Théophile alimpakia kwenye baisikeli, akasukuma asubuhi nzima hadi Kasongo. Daktari aliyanyoosha meno, akayafunga kwa waya mwembamba pamoja na yale yaliyosimama imara. Octave, muuguzi, alitafsiri: “Waya ukae majuma sita. Mtoto ale chakula laini tu.”

Mathilde aliyashika maneno hayo sawasawa. Katika nyumba yake, chakula kilicho laini kuliko vyote kilikuwa bugali wa muhogo. Aliusonga ukalainika, akampa mtoto vitonge vidogo. Lakini bugali wa muhogo hunata na kuvuta. Siku ya tatu kitonge kilishika waya, mtoto akakivuta kwa vidole, na waya ukafuatana nacho. Meno yakaanza kucheza tena.

Walirudi Kasongo. Daktari alitazama, akamwambia Octave.

“Atafunga tena Jumatatu, uvimbe ukipungua,” Octave alisema. “Yakilegea mara nyingine atayang'oa. Na hayo hayaoti tena, mama.”

Lakini safari hii Cécilia aliyajua maumivu ya waya. Alipofika nyumbani alifunga mdomo kwa mikono yote miwili, akaapa kwamba hakuna atakayeufungua. Mama yake alimbembeleza, akamtisha, akamwahidi gauni. Ilikuwa Ijumaa. Katika ukoo ule ni mtu mmoja tu aliyewahi kuvumilia chuma menoni. Jioni Mathilde alipita katikati ya migomba, miguu ikiwa mizito kama ya mwizi anayerudisha kitu.

Bibi alikuwa akipepeta mchele. “Karibu,” alisema bila kuinua macho. “Huku kwa mamba.”

Mathilde alipiga magoti. “Mama, nilikosa. Unihurumie. Mutoto atabaki kibogoyo.”

“Ulimpa nini kula?”

“Bugali.”

“Bugali.” Mzee aliweka ungo chini. “Masista walikufundisha kusoma, lakini hawajachongwa meno, wale. Umulete.”

Cécilia aliletwa, mikono ingali mdomoni. Bibi hakuigusa mikono hiyo. Alifungua kinywa chake mwenyewe.

“Uguse.”

Mtoto alisita, kisha akanyoosha kidole, akagusa ncha moja baada ya nyingine.

“Walichonga na patasi ndogo,” Bibi alisema. “Nilikuwa mukubwa kama wewe.”

“Ulilia, Bibi?”

“Nililia sana. Nani alikuambia sikulia? Lakini sikufunga kinywa. Ukifunga, patasi inateleza. Shangazi yangu alinipa kokwa la chikichi mukononi. Maumivu yakija, ufinye kokwa, usifinye meno.”

Siku mbili walizoezana. Cécilia alilala, kichwa kikiwa mapajani mwa bibi yake, kinywa wazi, kokwa mkononi, huku mzee akimgonga kidogo kidogo kwa ukucha kwenye meno mazima na kuhesabu. Siku ya kwanza alifika ishirini. Siku ya pili alifika mia, Bibi akachoka kabla yake.

Mathilde naye alifundishwa jikoni kama msichana mdogo. Bugali, hapana. Sombe, yale majani ya muhogo, hapana, nyuzi zake zitajifunga kwenye waya. Uji wa mchele, ndiyo. Boga lililopondwa, ndizi mbivu iliyochemshwa, maziwa ya karanga yaliyochujwa kwa kitambaa, mchuzi wa samaki bila mwiba hata mmoja. Na kila kitu kipoe kwanza, kwa sababu moto huvimbisha ufizi.

Jumatatu daktari alifunga waya mpya, mnene kuliko ule wa kwanza. Machozi yalimtiririka Cécilia hadi masikioni, lakini kinywa kilibaki wazi mpaka mwisho. Alipofungua kiganja, kokwa lilikuwa limeacha alama nyekundu.

Majuma sita yalipita. Siku ya kuondoa waya, Bibi alitaka kuona mwenyewe, akapakiwa kwenye baisikeli ya jirani. Daktari alikata waya, akatikisa jino moja moja kwa kidole. Matatu yalikuwa imara. La nne lilikuwa limeinama kidogo, nalo pia halikutikisika.

Bibi alicheka kwa furaha. Octave alimwona meno, akasema, “Na wewe, Bibi? Daktari akutengeneze ya kwako? Au tutafute tupa?”

Zamani Mathilde angeinamisha kichwa kwa aibu. Sasa alimsogezea mama mkwe wake kiti, akageuka.

“Octave, ndugu yangu,” alisema polepole, “una watoto?”

“Wawili.”

“Basi unyamaze. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.”