Gari la Bi Subilaga Lililogoma Kupanda Kitulo

Jongeeni, msogezeane blanketi, maana kisa hiki kinatoka kwenye baridi.

Huko juu Isyonje, pale njia ya Kitulo inapoanza kupanda na kupotelea kwenye ukungu, palikuwa na mafundi watatu waliofanya kazi chini ya paa moja la bati.

Wa kwanza aliitwa Sekela, na kipawa chake kilikuwa kuyasemesha magari. Alikuwa na mashine ndogo ya kupimia. Akiichomeka chini ya usukani, gari lolote, hata lililonuna namna gani, lilimwambia linaumwa wapi.

Wa pili aliitwa Ambakisye, na kipawa chake kilikuwa vidoleni na puani. Akichovya kidole kwenye oili na kuinusa, alijua gari limeishi maisha gani. Tena hakuwa mtu wa kuambiwa. Neno la mtu au la mashine, kwake yote yalikuwa uvumi mpaka apime mwenyewe.

Wa tatu aliitwa Lwitiko, fundi umeme. Nyaya za gari alizifuata kama mrina asali anavyofuata nyuki, bila haraka, akijiimbia chinichini, mpaka aufikie mzinga.

Watu hao watatu waliyaponya magari ya wenzao. Wao wenyewe walikwenda kwa miguu.

Sasa, kule Tukuyu alikuwako mkunga mstaafu, Bi Subilaga, aliyekuwa na presha ya macho. Ugonjwa ulianza kumnyang'anya pembe za dunia: fremu ya mlango, jirani anayepita kando, kikombe kilicho karibu na kiwiko. Kisha ukasogea ndani polepole, hata akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari hakumficha. "Mama, dawa inauchelewesha tu. Kilichopotea hakirudi."

Bi Subilaga hakulia. Alimpigia simu mdogo wake, Atupele, aliyeishi Dodoma.

"Njoo uniendeshe. Nataka kwenda Kitulo nikaone maua."

"Maua, dada? Kwa hali hiyo?"

"Kwa hali hii hii. Giza litakuja, hilo sina amri nalo. Lakini kitu cha mwisho kukaa machoni mwangu nataka nikichague mwenyewe."

Alipokuwa mtoto aliwahi kuvuka uwanda ule wa Kitulo nyuma ya mama yake, mama amejitwika viazi, yeye ameshika ncha ya khanga. Maua yalimfika kiunoni. Alikumbuka kwamba kulikuwa na manjano, na kwamba kulikuwa na zambarau, ila zilivyokaa pamoja hakukumbuka tena, na jambo hilo ndilo lililomkosesha raha. Mvua zilikuwa zinakwisha, na zikikatika maua hulala. Naye mwisho wa juma alikuwa anahamia Tanga kwa bintiye, asitarajie kurudi milimani.

Basi dada na mdogo wake wakaondoka asubuhi kwa gari la Bi Subilaga, lile ambalo kwa miaka mingi lilikwenda kuwachukua wazazi wenye uchungu vijijini. Halikuwa na kawaida ya kusumbua. Lakini mlima ulipoanza, taa ya njano ikawaka mbele ya dereva. Gari likashtuka kama mtu aliyeitwa jina usingizini. Likashtuka tena, kisha likang'ang'ania gia moja, likawa linalia kwa sauti kubwa na kwenda mwendo wa kobe. Ukungu ukawafunika. Kwa Bi Subilaga ilikuwa kama gari limesimama, na mlima ndio unaoteleza taratibu kurudi nyuma.

"Halibadili gia, dada," Atupele akasema. "Tugeuze."

"Tukigeuza leo, sitapanda tena."

Wakajikongoja hivyo hivyo mpaka paa la bati likatokea kwenye weupe, na chini yake watu watatu wanaota moto.

"Karibu, mama," Sekela akasema, akimpa kigoda. Bi Subilaga akawaeleza safari yake yote, hata habari ya macho. Walipomaliza kumsikiliza akatoa ufunguo, akaunyanyua.

"Wanangu, huko ninakokwenda sitaendesha tena. Mdogo wangu huyu ana lake. Fundi atakayelifanya gari hili linifikishe kwenye maua leo, nikirudi namwachia liwe lake. Nimeahidi mbele ya mdogo wangu."

Watatu wakatazamana. Wakainuka.

Sekela ndiye aliyeanza. Akachomeka mashine yake, akasoma, akafuta, akawasha gari, akasoma tena. "Linasema presha ya oili ya giaboksi iko chini," akatangaza. "Injini haina neno. Breki, magurudumu, vyote vizima. Linaogopa kujiumiza ndiyo maana limejifungia kwenye gia moja." Gari zima, lenye maelfu ya vipande, likawa limebaki swali moja tu. Lakini Atupele akaguna, maana presha ikiwa chini kweli, basi pampu ya ndani imekufa, na dawa yake ni giaboksi nyingine, nayo hupatikana Mbeya, siyo Isyonje.

Ambakisye akaingia hapo. Akachomoa kijiti cha kupimia, akapaka oili kwenye ukucha, akanusa. Ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. "Oili hii haijateseka," akasema. Akalala chini kwenye tope la baridi, akafungua kizibo ubavuni mwa giaboksi, akafunga geji yake ya presha, yenye mshale, pamoja na mpira wake. "Washa!" Mshale ukapanda, ukasimama mahali pake, ukatulia kabisa. Akatoka akitetemeka, akicheka. "Presha ipo, tena ya kutosha! Giaboksi ni nzima. Gari limedanganywa." Kama si yeye, wangeishusha giaboksi isiyo na kosa, na maua yangelala huku wakiisubiri nyingine.

Lwitiko akachukua mita yake ya umeme. Akaanzia kwenye kompyuta ya gari, akaufuata waya kwa ncha za vidole, akijiimbia, mpaka akafika kwenye kidude kidogo kama kizibo cha chupa: sensa, ile inayoipima presha na kupeleka habari. Akaipima. Akaichomoa soketi yake, na tone la oili likadondoka mahali ambapo oili haikutakiwa kufika. "Huyu hapa mwongo," akasema kwa upole, kama anayemwonea huruma. "Amepasuka ndani, oili imemwingia." Nyuma ya gereji palikuwa na gari bovu la aina ile ile, majani yameota hadi madirishani. Lwitiko akaingia majanini, akarudi amelowa, na sensa mkononi. Akaipima, akaisafisha, akaifunga. Taa ya njano ikazimika.

"Twendeni wote," Bi Subilaga akasema. "Likigoma tena, nani atanisaidia huko juu?"

Wakapanda wote, mafundi nyuma, wamebanana. Gari likabadili gia bila mshtuko wowote, moja, nyingine, nyingine, kama mtu anayezama usingizini. Ukungu uliwapitia madirishani, na Bi Subilaga hakujua tena upi ni ukungu wa nje na upi ni wa macho yake.

Kisha njia ikalala tambarare, na ukungu ukafunguka.

Atupele akazima gari. Bi Subilaga akashushwa, akasimama. Kwa lile tundu dogo alilobakiwa nalo hakuweza kuuona uwanda wote, basi akaugeuzia kichwa polepole, kipande baada ya kipande. Manjano. Tena manjano. Halafu zambarau, hazikuwa zimejitenga kama alivyodhani miaka yote, zilikuwa zimechomoza katikati ya manjano, moja moja, hadi kwenye ukingo wa mbingu. Upepo ukapita, uwanda wote ukainama, ukainuka.

"Ndivyo zilivyokaa," akasema. "Zilichanganyika." Akafumba macho, akafumbua, akafumba tena, kama anayejaribu kufuli. Atupele akageukia pembeni akapangusa uso.

Waliporudi Isyonje Bi Subilaga akashika ufunguo kiganjani. "Haya, wanangu. Ni la nani?"

"Mama, mimi sitaki ugomvi," Sekela akasema, "ila ukweli usemwe. Bila mimi mngekuwa bado mnafungua plagi za injini. Mimi ndiye niliyeonyesha njia."

"Ulionyesha njia, dada, lakini iliishia kwenye uongo," Ambakisye akajibu. "Mashine yako ilisema presha iko chini. Mimi ndiye niliyeugundua uongo. Bila mimi, gari hili lingekuwa kwenye mawe, limepasuliwa tumbo."

Lwitiko akakuna kichwa. "Mmoja alijua pa kutafuta, mwingine alijua pasipo na kosa. Nawaheshimu. Lakini maneno yenu yalipokwisha, gari lilikuwa bado limesimama. Aliyeliinua ni mimi."

"Muwe na shauri moja, mlimiliki wote," Atupele akapendekeza.

Watatu wakacheka pamoja. "Gari la watu watatu huozea uani, mama," Ambakisye akasema. "Kila mmoja atasema zamu ya oili ni ya mwenziwe."

Wala Bi Subilaga hakutaka liuzwe wagawane. Ahadi ilikuwa ya gari, naye alisema "fundi atakayelifanya", hakusema "watakaolifanya". Akawatazama mmoja mmoja, maana ndivyo macho yake yalivyoweza sasa: uso wa Sekela, kisha wa Ambakisye, kisha wa Lwitiko. Kila uso alioutazama aliuona una haki, na wengine wawili wakawa gizani. Mkono wake ukanyooka na ufunguo, ukabaki hewani.

Nami naishia hapo, kwa sababu aliyenisimulia naye aliishia hapo. Haya, ninyi mlionisikiliza, kila mmoja aseme lake na sababu yake: ungekuwa Bi Subilaga, ufunguo ule ungeuweka kwenye kiganja cha nani?