Nani Apewe Sufuria ya Jumapili?

Sogeeni, mlioshiba na msioshiba. Leo nawaletea kisa cha sufuria. Nikimaliza mtanidai jibu, na jibu sina. Mtalitoa ninyi.

Palikuwa na ndugu watatu, wajukuu wa Waitalia waliovuka bahari wakahamia Marekani, wakaota mizizi katika mtaa wa nyumba za matofali. Nunziata, mkubwa wao, alijaliwa pua: alinusa mvua kabla ya wingu. Rocco, wa kati, alijaliwa mikono: akishika, ameshika. Loreta, kitinda mimba, alijaliwa ulimi: tone moja tu, naye atakuambia kama kitunguu saumu kilikatwa au kilipondwa.

Bibi yao aliitwa Filomena, nao walimwita Nonna, kama wajukuu wa Kiitaliano wanavyomwita bibi. Kama wazee wengi wa mtaa ule, Nonna alikuwa na jikoni mbili. Ya juu ilikuwa ya kuonyesha wageni, inang'aa, haijawahi kukaanga hata yai. Ya chini, kwenye chumba kilicho chini ya nyumba, ndiyo ya kupikia. Humo, kila Jumapili tangu alfajiri, sufuria yake nzito ilitokota mchuzi wa nyanya na mbavu za nguruwe. Na pale ilipopikiwa sufuria ile, ndipo ukoo mzima ulipokula. Hapakuwa na mwaliko. Sufuria ndiyo iliyoalika.

Kisha mafua makali yakaja, yakaondoka na pua ya Nonna. Mara mbili akapakua mchuzi ulioungua, asijue. Mwanawe Gerardo, mjomba wa wale watatu, akaja na neno lake.

"Mama, hunusi tena. Leo umeunguza mchuzi, kesho utaunguza nyumba. Tuiuze, uje ukae kwangu."

"Kwako?" Nonna akasema. "Kwako mchuzi unatoka kwenye kopo."

"Mama!"

"Pua imekufa, Gerardo. Mimi sijafa. Njoo Jumapili ule. Ukionja moshi, nitakukabidhi funguo kwa mkono wangu huu. Usipoonja, habari ya kuuza nyumba usiitaje tena maadamu napumua."

Akawageukia wajukuu. "Na mchuzi ukiwa mashakani, atakayeuokoa, sufuria ni yake. Siku nikiondoka, Jumapili itahamia kwake."

Jumapili ikafika. Nonna akapiga marufuku mtu kugusa moto. Akakoroga mwenyewe, moto mdogo, kifuniko nusu wazi, mwiko ukipita chini kabisa kila mara. Mambo yakaenda vizuri hadi kengele ya mlango ilipolia. Gerardo, kabla ya saa yake! Nonna akapanda juu, akaketi akitazamana naye. Kila alipojiinua kwenye kiti, mwanawe akatabasamu.

"Una wasiwasi na mchuzi, Mama?"

"Wasiwasi wa nini?"

Akaketi tena. Kushuka kungekuwa kukiri hofu, na Filomena hakukiri hofu mbele ya mwana aliyemnyonyesha yeye mwenyewe. Basi hakushuka. Huko chini mbavu zikalala, nyanya zikaanza kushika sufuria.

Nunziata alikuwa huko juu akitandika kitambaa cha meza. Pua yake ikashtuka. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na dalili, harufu ilikuwa nyembamba kama uzi, na mtu mwingine asingeinusa mpaka mchuzi uwe makaa. Hakupiga kelele, mjomba asisikie. Alimkanyaga Rocco mguu, akamnong'oneza, "Chini. Sasa hivi. Usikoroge, usikwangue! Mimina mchuzi wa juu, ukoko uuache." Bila pua ile, kusingekuwa na cha kuokoa.

Rocco akashuka ngazi kwa kuruka. Vitambaa vya kushikia vyombo vya moto vilikuwa juu mezani, vimekunjwa kwa ajili ya wageni. Hakurudi kuvifuata. Akashika vipini kwa viganja vitupu, akainua uzito ule wote, akauinamisha polepole, polepole, kwenye sufuria nyingine, asitikise hata kidogo. Mikono ikamlilia aiache. Hakuiachia. Mchuzi ukahama, ukoko ukabaki umeganda chini kama lami. Bila mikono ile, harufu ingebaki kuwa habari tu.

Loreta akamfuata, akaonja, akakunja uso. "Bado. Moshi umejificha nyuma ya ulimi."

"Tia sukari," Rocco akasema, mikono ndani ya maji baridi.

"Sukari itamdanganya mtoto. Mjomba si mtoto."

Akafungua chupa ya nyanya ambazo ukoo mzima ulizimenya na kuzihifadhi kiangazi kilichopita. Akatia karoti nzima, ilainishe ukali, kisha itolewe. Akatia ganda gumu la jibini, lile ambalo wasiojua hulitupa. Akaacha sufuria wazi, akaonja, akangoja, akaonja. Mwisho kabisa akachana majani ya mrehani kwa vidole, maana kisu huyafanya meusi. Bila ulimi ule, Gerardo angeondoka na funguo.

Mezani, Gerardo akachovya mkate. Akatafuna. Akafumba macho. Akachovya tena.

"Mama," akasema taratibu, "lete tambi."

Walikula. Lakini Rocco hakuweza kushika uma, na mjomba akaviona viganja vyake vimevimba malengelenge.

"Kumbe umeungua!" Gerardo akasimama. "Kumbe kimeungua kitu! Mama, funguo!"

Nonna alimtazama Rocco, akawatazama dada zake, akaelewa yote. Hakuinamisha kichwa.

"Nilisema ukionja moshi. Umeonja?"

"Sija... lakini..."

"Umeonja, Gerardo?"

"Sijaonja."

"Basi kaa ule. Tambi zinapoa."

"Na Jumapili ijayo? Nani atakunusia?"

"Mimi," akasema Nunziata. "Mimi," akasema Rocco. "Na mimi," akasema Loreta, na wote watatu hawakupepesa macho.

Nyumba haikuuzwa. Lakini ahadi ni ahadi, na jioni ile Nonna akaiweka sufuria mezani, imesuguliwa.

"Mimi nilijua wa kwanza," akasema Nunziata. "Ninyi mngekuwa mnacheka tu."

"Ulijua ukiwa umesimama," Rocco akajibu. "Mimi nina malengelenge."

"Malengelenge yako yalibeba mchuzi mbovu," akasema Loreta. "Mimi ndiye niliyeupeleka mezani."

Nonna akapiga kifuniko kwa mwiko. "Kelele! Sufuria haikatwi vipande. Na asiniambie mtu 'mkubwa ndiye achukue.' Mimi nilikuwa mdogo wa nyumba yetu, na nilipewa."

Nanyi msinikwepe. Msiseme wapokezane, maana Jumapili isiyo na kwao hufa, na ukoo ukatawanyika. Msiseme abaki nayo Nonna. Yeye mwenyewe amekwisha kuiachia. Aliyejua, aliyeumia, aliyekamilisha: watatu wamesimama, sufuria ni moja.

Haya, shika wewe. Ungemkabidhi nani?