Mguu Uliokuwa Kimya

Kulikuwa na mama mmoja mfuga kuku, mdadisi kupita kiasi. Ugonjwa wa kideri ulipita bandani mwake ukafagia kuku wote, akabakiwa na mayai thelathini tu. Yakiharibika hayo, ufugaji wake umekwisha. Basi akajiundia mashine ya kutotolesha: sanduku, kipimajoto, balbu ya kupasha joto, na rilei. Rilei mnaijua? Ni kidude kama kiberiti. Baridi ikizidi, kipimajoto kinakipa umeme kidogo, nacho kinaunganisha umeme mkubwa, balbu inawaka.

Kidude chenyewe kina miguu mitano, maandishi hakuna. Sasa upi ni upi? Mama akachukua mita ya umeme, ile inayolia njia ikiwa imeshikana, akaanza kugusagusa kwa raha zake. Miwili akaitambua kuwa ndiyo ya kukiamshia. Ikabaki mitatu. Akagusa wa kati na wa kulia, mita ikalia piii! Akagusa wa kati na wa kushoto, kimya.

"Huu umekufa," akasema, akaifunga balbu kwenye ule uliolia.

Asubuhi yenye baridi akapanga mayai. Kidude kikalia ta! Mama akapiga makofi, akaenda zake jikoni bila kuitazama balbu. Aliporudi kuyagusa, mayai yalikuwa yanapoa, na balbu imezimika! Akayaviringisha kwenye blanketi, akaibeba hiyo rilei hadi kwa fundi redio.

"Fundi, kinalia vizuri, lakini kikilia tu taa inazima. Ni kibovu?"

"Mama, ulikipima kikiwa kimelala au kimeamka?"

"Kimelala. Kwani kuna tofauti?"

Fundi akaunga betri. Ta! "Haya, pima tena."

Mguu uliokuwa unalia, kimya. Ule aliouita mfu, piii!

"Kumbe!" mama akashangaa. "Yaani miguu iliyoshikana wakati wa kupumzika, kikiitwa kazini ndiyo inaachana?"

"Ndivyo kilivyoundwa. Kahamishe balbu yako haraka."

Akahamisha. Wiki tatu baadaye akahesabu vifaranga ishirini na viwili.

Mnacheka, ndugu zangu. Haya, tujipime na sisi. Hapa Jumapili tumeshikana kweli kweli, tunaitikia "Amina" mpaka mabati yanatetemeka. Jumatano upepo uliezua paa la yule bibi wa bondeni. Nyote mlipata ujumbe. Nani alifika? Mmoja tu, yule muuza mkaa ambaye tunasema hana imani kwa kuwa hatumwoni ibadani. Tulimpima wakati wa kupumzika, tukamwita mfu. Na mimi mchungaji wenu nilikuwa wapi? Niliachia kama ninyi, na ninaona aibu kusema.

Kwa hiyo leo sitoi baraka za mwisho hapa. Mabati yako nje, misumari ninayo mfukoni. Baraka nitazitolea uani kwa bibi, kwa watakaokuwapo.