Turubai la Nyota Tano

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na simu.
Simu ya nani?
Ya kila mwenye kidole.
Na asiye na kidole?
Abonyeze kwa pua.

Haya, sogeeni. Wa nyuma nyamazeni, maana huyu wa leo ni mdogo na sauti yake ni ndogo.

Alikuwepo Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama panya, pua ndefu kama ya tembo aliyesahau kukua, miguu myembamba kama njiti za kuchokonolea meno. Mama Sange alikuwa na watoto pacha, na nyumba yake ilikuwa kishimo chini ya majani makavu. Mvua ikinyesha, maji yanaingia. Maji yakiingia, watoto wanakohoa. Kohokoho, kohokoho. Na masika yalikuwa yanakuja. Mawingu yalishaanza kikao kule mlimani, na Mama Sange aliwaza jambo moja tu, kutwa na kucha: nitawafunika na nini wanangu?

Basi zama hizo wanyama wote walinunua vitu kwenye simu. Hutoki nyumbani. Unaona picha, unabonyeza, kitu kinaletwa. Na mwenye duka kubwa kuliko yote alikuwa Bwana Kiboko wa mtoni. Aliuza maturubai ya kuzuia mvua. Sasa Kiboko na mvua wapi na wapi? Yeye kutwa yumo majini, mvua kwake ni jirani aliyekuja kumjulia hali. Lakini tumbo la Kiboko halikuwa na maswali. Watu walilipa kwa matikiti maji, na tumbo lilipenda matikiti maji.

Mama Sange akaitazama picha. Turubai la kijani, nene, lina matundu ya chuma pembeni ya kupitishia kamba. Chini ya picha, maoni ya walionunua. Na maoni yenyewe jamani, yamepakwa manukato. "Turubai hili ni johari ya zama zetu." "Hakika, tangu kuumbwa kwa mawingu, hapajatokea turubai mithili ya hili." Nyota tano, nyota tano, nyota tano. Kila sentensi imeanza na ile herufi kubwa, imesimama kifua mbele kama bwana harusi, na imeishia na nukta, nyeusi kama punje ya ufuta.

Mama Sange akasema moyoni, anayeandika vizuri hivi hawezi kudanganya.

Mnacheka? Ninyi mmenunua vingapi hivyohivyo?

Alikuwa na tikiti maji moja tu, alilolimwagilia kwa mdomo tangu kiangazi, funda kwa funda. Akalitoa. Akabonyeza kwa pua, tik. Turubai likaletwa.

Jembamba. Ukilinyanyua unaliona jua. Unamwona na jirani. Mama Sange akalitandika hivyohivyo, akalifunga juu ya kishimo. Jumatano, saa nane mchana, ikapita mvua ndogo, mvua ya kuonja tu. Chwaaa. Turubai likafanya ti, ti, ti. Kisha likafanya cha, cha, cha. Kisha likafanya praaa. Watoto kohokoho mpaka Alhamisi.

Mama Sange akaenda mtoni. Akasimama kwenye jiwe, akasubiri. Buluu, buluu, yakatoka macho, yakatoka masikio, likatoka domo.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, mama. Sema upesi, nina chakula mdomoni."

"Turubai lako linavuja."

"Kuvuja ndiyo nini?"

"Maji yanapita."

"Na yakipita kuna ubaya gani? Mimi yananipita tangu nizaliwe."

"Watoto wangu wanakohoa, bwana."

Kiboko akapiga mwayo, mpana, ukaona mpaka chakula cha jana. "Sikiliza, mama. Hapa kuna utaratibu. Mwenye neno aliandike kwenye maoni. Aandike kwa lugha sanifu, herufi kubwa zake, nukta zake. Yasiyosomeka tunafuta. Yakisomeka, nambadilishia mtu turubai lake. Au nasema uongo, Kasuku?"

Kasuku ndiye alikuwa karani. Alikaa kwenye tawi la mkuyu, simu kwenye kucha, na yale maoni yote ya manukato aliyatunga yeye. "Ndivyo, bwana mkubwa. Ndivyo hasa."

Walikuwepo pale Mzee Ngiri na Bibi Kanga, nao wamebeba matambara ya maturubai yao. Wakasikia kwa masikio yao.

"Mimi niliandika," akasema Mzee Ngiri.

"Uliandikaje?" akauliza Mama Sange.

"Niliandika wewe mwizi turubai gani hili nikikukuta nchi kavu utanijua. Wakafuta."

"Mimi niliandika kwa uchungu, shoga," akasema Bibi Kanga. "Nikaanzia kwenye turubai, nikaishia kwenye ndoa ya mdogo wangu. Wakafuta."

Mama Sange akarudi kwake, akakaa na simu. Akaandika. Tik, tik, tik, pua ikauma. Akaweka nyota moja. Jibu likaja: Herufi kubwa haipo. Yamefutwa.

Akaandika tena, akamsimamisha bwana harusi mwanzoni. Jibu likaja: Nukta haipo. Yamefutwa.

Akaandika tena, bwana harusi yupo, punje ya ufuta ipo. Jibu likaja: Nafasi baada ya nukta ni pana mno. Yamefutwa.

Mawingu yakashuka kidogo. Watoto kohokoho. Mama Sange akajiuliza, huyu bwana anatafuta nini hasa kwenye maandishi? Asubuhi akaenda mtoni bila kuaga mtu, akaingia kwenye matete, akanyamaza. Akasikia.

"Yameingia maoni, bwana mkubwa."

"Nyota ngapi?"

"Moja."

"Tafuta kosa."

"Nimelipata."

"Futa."

Kidogo tena.

"Yameingia mengine."

"Nyota ngapi?"

"Mbili."

"Tafuta kosa."

"Haya hayana kosa, bwana."

"Tafuta vizuri."

"Nimelipata."

"Futa."

Kidogo tena.

"Yameingia mengine, bwana. Nyota tano."

"Nukta zipo?"

"Zipo."

"Bandika."

"Nikusomee kwanza?"

"Kasuku, nilikuajiri unisomee? Nilikuajiri uhesabu."

Mama Sange akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akarudi kinyumenyume, taratibu, mpaka akagota kitu kigumu mgongoni. Akageuka. Lilikuwa ghala la Kiboko, limefunikwa vizuri, limefungwa kwa kamba. Limefunikwa na nini? Turubai la kijani, nene, lina matundu ya chuma pembeni. Akaligusa kwa pua. Gumu kama ngozi ya kifaru. Akachungulia chini yake. Marobota juu ya marobota ya yale membamba, makavu, yanangoja wajinga.

Akarudi nyumbani mbio. Safari hii hakulia wala hakutukana. Akaandika polepole, jambo moja, akapumzika, jambo la pili, akapumzika. Aliandika hivi:

"Turubai la Bwana Kiboko ni zuri sana. Nililitandika Jumatano. Saa nane ilinyesha. Saa nane na nusu tulikuwa tunaogelea. Kabla ya hapo watoto wangu hawakujua kuogelea. Baadaye turubai lilipasuka lenyewe, likatupa madirisha mawili, na sikuombwa kulipia madirisha. Ukilinyanyua unaliona jua. Bwana Kiboko ghala lake amelifunika kwa turubai jingine, nene, lile la kwenye picha. Nenda ukaliguse, kisha uguse lako. Asante, Bwana Kiboko."

Akaweka nyota tano. Akabonyeza. Tik.

Kule mtoni:

"Yameingia maoni, bwana mkubwa."

"Nyota ngapi?"

"Tano."

"Nukta zipo?"

"Zipo, kila moja mahali pake."

"Kaandika nani?"

"Mama Sange."

"Yule mlalamishi?" Kiboko akacheka mpaka mto ukapanda ukingoni. "Bandika juu kabisa. Mtumie kila mteja kwenye simu yake. Waone hata yeye amekubali."

"Bwana, labda nikusomee, maana humu ndani..."

"Kasuku."

"Naam."

"Hesabu."

Kasuku akabandika, akatuma.

Sasa tazameni. Yale maoni ya Kasuku, ukiyasoma mara mbili hujui linalosifiwa ni turubai au malkia. Haya ya Mama Sange, aliyesoma alielewa, na asiyejua kusoma akisomewa mara moja yalikaa kichwani. Watoto wakaanza kuyarukia kamba. Saa nane ilinyesha, ruka. Saa nane na nusu tunaogelea, ruka.

Kesho yake Mzee Ngiri akafika mtoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nimekuja kugusa."

"Kugusa nini?"

"La kwenye picha." Akaenda ghalani, akagusa. "Mm." Akagusa la kwake. "Mm." Akakaa pembeni.

Akafika Bibi Kanga.

"Habari za leo, Bwana Kiboko. Nimekuja kugusa."

"Na wewe?"

Akaenda akagusa. "Mm." Akagusa la kwake. "Mm, mm." Akakaa pembeni.

Wakaja nyumbu, wakaja swala, wakaja tumbili na wake zao. Gusa, mm. Gusa, mm. Hakuna aliyetukana. Kiboko, ambaye matusi alishayazoea, ile "mm" ikamkosesha raha.

"Kasuku, hebu nisomee hayo maneno."

Kasuku akasoma. Kiboko akazama, akaibuka.

"Futa."

"Nimefuta, bwana."

Ndipo kifaranga mmoja wa Bibi Kanga akaanza, kwa sauti ya uzi, "Turubai la Bwana Kiboko ni zuri sana." Wa pili akapokea. Wakapokea nyumbu, wakapokea swala, wakaenda nayo mpaka "Asante, Bwana Kiboko," na kila penye nukta walipumzika.

Siku ya kwanza halikuja tikiti maji. Siku ya pili halikuja. Siku ya tatu tumbo la Kiboko likanguruma mpaka samaki wakahama. Akamwita Mama Sange.

"Mama, mwanangu, umeniharibia."

"Nimekusifu, bwana. Nyota tano. Kuna uongo niliouandika?"

"Hakuna."

"Kuna kosa la lugha?"

Kiboko akamtazama Kasuku. Kasuku akatazama matete.

"Hakuna," akasema Kiboko. "Lakini wanakusikiliza wewe. Andika mengine. Sema halivuji."

"Siwezi kuandika halivuji wakati linavuja. Mimi naandika lililonikuta. Nipe lisilovuja, nitaandika halivuji, na herufi kubwa nitaweka. Na hawa wote walikusikia ukisema yakisomeka unabadilisha."

"Ulisema," akasema Mzee Ngiri.

"Kwa mdomo wako huo," akasema Bibi Kanga, "na ni mdomo usiosahaulika."

Kiboko akapiga hesabu. Turubai moja litoke, matikiti mia yaingie. "Chukua la ghalani," akasema.

"Bwana mkubwa," Kasuku akanong'ona, "na ghala tutalifunika na nini?"

"Si tuna maturubai ghala zima? Wewe mwenyewe umeandika ni johari, umesahau?"

Wanyama wakavuta kamba. Fwaaap. Turubai likashuka, likaburutwa mpaka kwa Mama Sange, na lilikuwa kubwa hata likafunika kishimo chake, banda la Bibi Kanga, na pango la Mzee Ngiri, na nafasi ikabaki. Mama Sange akachukua simu. Tik, tik, tik. Kule mtoni:

"Nyota ngapi?"

"Tano."

"Ameandika halivuji?"

"Ameandika, 'Turubai hili halivuji.' Halafu ameongeza..."

"Bandika. Watumie wote."

Kasuku akabandika, akatuma. Alichoongeza Mama Sange kilikuwa hiki: "Lilikuwa moja tu. Sasa liko kwangu."

Jioni masika yakaingia. Siyo mvua ya kuonja. Chwaaaa, siku tatu. Yale membamba juu ya ghala yakafanya ti, ti, ti, yakafanya cha, cha, cha, yakafanya praaa, na marobota yakalowa, yakapasuka, yakateremka na mto moja moja mbele ya macho ya Kiboko kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Yeye mwenyewe hakulowa zaidi ya alivyokuwa. Njaa tu.

Kwa Mama Sange kulikuwa kukavu. Watoto walilala, hawakukohoa. Mama yao alikaa macho akisikiliza, akingoja lile koho la kwanza, halikuja.

Sasa mtaniuliza funzo. Funzo ni kwamba kusoma ni kupoteza muda. Kiboko hakusoma, na mpaka leo ni mnene. Mama Sange aliandika kila kitu sawasawa, na mpaka leo anakula mchwa. Kasuku naye kapata kazi nyingine, anasifia sabuni. Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkiona nyota tano, nunueni bila kuuliza. Mkikuta sifa msizozielewa, ziaminini zaidi. Na mkikuta maneno yamenyooka, mafupi, yanaeleweka, kimbieni, hayo ndiyo yanayowavua watu wazima maturubai yao na kuleta fujo nchini.

Hadithi imefika mlangoni, naiachia itoke. Utamu wake ni wenu. Uchungu wake mpelekeeni mwenye duka.