Pumzi ya Sultani Kwenye Sinia la Halua

Palikuwa na Sultani wa Mwambakoo, jina lake Haidari, aliyeamuru pumzi yake ipae. Msinitazame hivyo! Nilikuwepo. Nilisimama karibu na sinia la halua kuliko hata mlinzi wake, na kila nitakalosema nimeliona kwa macho haya mawili, la kushoto likiwa ndilo kali zaidi.

Ilikuwa arobaini ya mjukuu wake, siku mtoto anapotolewa nje kwa mara ya kwanza na wakubwa wakamsomea na kumpulizia dua. Tajiri mmoja, Mbaruku Sururu, akaleta maputo ishirini yaliyojazwa gesi ya mtungi. Yakapaa, yakagota dari, yakatulia huko kama wenye nyumba. Wageni wakaachama. Wakamsahau mtoto. Wakamsahau na Sultani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Nipeni puto na mimi," Sultani akasema. "Pumzi ya babu itakaa juu ya kitanda cha mjukuu wake mpaka kesho."

Likaletwa moja kutoka kwa Mize binti Shaame, muuza maputo na ubuyu langoni mwa soko, mwenye kibanda kimoja cha makuti na ulimi wa watu saba. Sultani akapuliza. Mashavu yakamvimba, uso ukaiva kama pilipili. Akafunga fundo kwa mkono wake, akaliachia.

Puto likashuka. Likashuka taratibu, kwa heshima zake zote, likatua katikati ya halua.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikohoa.

Mize akaletwa mbio, vidole bado vyekundu kwa ubuyu.

"Mwanamke, umeniuzia puto bovu!"

"Bovu lingevuja, Bwana Mkubwa. Hili limeshiba, limelala."

"Mbona la Mbaruku limepaa na langu limeanguka?"

"La Mbaruku lina gesi nyepesi kuliko hewa iliyotuzunguka. Lako lina pumzi, na pumzi ni hewa hii hii, tena imevishwa mpira. Isianguke ina nini?"

"Alaa! Kwa hiyo pumzi yangu ni sawa na yako?"

Mize akaliona shimo. Akisema ndiyo, ametukana. Akisema siyo, ataambiwa aonyeshe tofauti.

"Kwanza tumjaribu Waziri, Bwana."

Waziri akapuliza lake. Nalo puu, chini.

"La Waziri limeangushwa na udhaifu," Sultani akasema. "Langu je?"

"Unyenyekevu, Bwana."

"Unyenyekevu haukai kwenye halua! Sasa sikiliza. Kabla ya alasiri, puto hili hili, na pumzi hii hii, litapanda juu mbele ya wageni hawa hawa. Bila gesi. Bila uzi. Bila upepo. Na likishaachiwa, mkono wa mtu usiliguse. Lisipopanda, kibanda chako kinavunjwa, na jua likizama usionekane Mwambakoo."

Kibanda kile Mize alikirithi kwa mama yake, na nje ya Mwambakoo hakuwa na mtu hata wa kumwomba maji ya kunywa. Lakini hofu yake iliishia moyoni. Mdomoni haikupata nafasi.

"Ruhusa nilioshe kwanza, Bwana. Pumzi yako inajaa nzi."

Akaenda nalo kwenye birika la uani, lile refu la kwenda chini, ambalo wageni hutawadhia. Akalizamisha ili alisugue. Puto likamponyoka, likachomoka juu, likamrushia maji usoni. Mize akalizamisha tena, likachomoka tena. Halafu akajifuta kwa upindo wa kanga, akarudi ndani kwa mwendo wa bibi harusi.

"Bwana Mkubwa, kuna sharti jingine?"

"Hakuna."

"Na mahali?"

"Popote ndani ya kasri langu."

"Waziri, hilo umeliandika?"

Waziri alikuwa ameshaandika. Yule mtu alikuwa anaandika hata chafya.

"Basi wageni wote birikani!"

Tukatoka. Mimi mbele. Mize akawataka askari wawili wenye vifua, wakaingia majini, wakalikandamiza puto mpaka chini kabisa, wakibaki vichwa tu, kama vifuu vya nazi.

"Sultani, simama karibu uione pumzi yako ikipaa. Haya, liachieni!"

Puto lilipanda kwa hasira! Likapasua maji, likaruka juu, Sultani akashtuka, akapinda nyuma, akainama mbele, na kilemba chake kikamtoka kichwani, chubwi! Kilemba kikazama. Puto likabaki linaogelea juu yake.

"Huu ni ujanja!" Sultani akafoka. "Humu majini hata pumzi yako ingepanda!"

"Ingepanda, Bwana."

"Hata ya Waziri!"

"Hata ya Waziri, masikini."

"Na kule ndani ikaanguka!"

"Ikaanguka, Bwana. Kule haikuwa na wa kuibeba."

"Basi niambie, mbele ya watu hawa, ubora wa pumzi yangu uko wapi?"

Mize akapiga goti, maana adabu alikuwa nayo.

"Bwana Mkubwa, puto halijipandishi. Ni maji yaliyo chini yake, mazito, yasiyosifiwa na mtu, ndiyo yanayolisukuma likakaa juu. Na sisi wa langoni mwa soko ndio maji yenyewe. Sasa, Bwana, jua likizama, bado unataka kuanza kuyamwaga?"

Kibanda kingali palepale, nendeni mkamuulize mwenyewe. Ila habari ya kilemba msimuulize. Kilemba nilikitumbukiza mimi.