Njia Sita za Nyumba ya Saba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na mikeka na kugombania zamu kama sisi, kiangazi kimoja kiliukausha mto mpaka mchanga wake ukawa unachoma nyayo. Wengine wakiisimulia hadithi hii husema mjanja wake alikuwa Sungura. Kwetu haikuwa hivyo. Alikuwa Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, mkubwa kidogo tu kuliko panya.

Sange na mkewe, Mama Pacha, walikuwa na watoto wachanga wawili chini ya kichaka. Kila asubuhi Sange alikuwa na kazi moja: kufagia njia. Mlangoni kwake zilianzia njia nyingi nyembamba, hii ya kwenda kwenye mchwa, hii ya kivulini, hii ya kutorokea mwewe akipita. Zote alizifagia kwa miguu, fya, fya, fya, asibakize hata jani.

Maji yalipokwisha, Mzee Tembo alishuka mtoni, akapiga magoti, akachimba kwa pembe na mkonga tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Chini kabisa maji yakachungulia. Kikawa kisima.

Tembo alikuwa akinywa wa kwanza, taratibu, kwa mkonga, bila kuchafua kitu. Shida ilikuwa Nyati, aliyemfuata. Nyati hakuinama kunywa. Aliingia na miguu yote minne, chubwi, akagaagaa humo humo. Sange alipofikiwa na zamu, alikuta uji wa matope.

"Maziwa yananikauka," Mama Pacha alimwambia mumewe. "Mimi naweza kutafuna mizizi. Hawa hawawezi."

Sange akaenda kisimani.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba," alijibu Tembo.

"Sema upesi," alisema Nyati.

"Naomba zamu zibadilike. Wa kwanza asiwe yule yule kila siku."

"Awe nani, wewe?" Nyati alicheka mpaka nzi wakaruka mgongoni. "Ukitumbukia humu tutakutoa kwa kijiti."

"Sisemi niwe mimi. Tuache dadu ziseme."

Juu ya mgunga alikuwapo Tumbili, naye alikuwa na dadu mbili za mfupa alizookota kwenye kambi ya wawindaji waliohama. Kila dadu ilikuwa na pande sita, zenye vidoti kuanzia kimoja mpaka sita. Sange akaeleza: kila mmoja achague namba yake. Kila alfajiri Tumbili arushe dadu zote mbili na kujumlisha vidoti vya juu. Mwenye namba iliyokuja ndiye anywe kwanza. Isipokuja namba ya yeyote, zirushwe tena.

Tembo alifikiri, akasema, "Nilichimba ili tunywe. Sikuchimba ili niwe wa kwanza. Mimi sina neno."

Nyati alikubali haraka zaidi, maana alikuwa amechoka kumfuata Tembo.

"Mimi ni mkubwa," alisema Tembo. "Nachukua kubwa kuliko zote. Kumi na mbili."

"Mimi kumi na moja," alisema Nyati. "Na huyu mdogo apewe ndogo kuliko zote. Mbili."

Hapo, wanangu, moyo ulimshuka Sange, kwa sababu alijua mbili ni namba mbaya. Lakini uso wake haukusema kitu. Alipiga magoti mchangani.

"Asante, Bwana Nyati. Asante sana. Mungu akuzidishie. Na mke wangu anakushukuru. Mbili yenyewe, mimi! Sikutegemea. Asante."

Nyati akaacha kutafuna.

"Mbona anashukuru hivyo?"

"Ni adabu tu," alisema Tembo.

"Adabu gani? Mtu hashukuru hivi kwa kitu kibovu. Rudisha mbili. Itakuwa yangu pamoja na kumi na moja."

"Lakini, Bwana Nyati..."

"Imekwisha hiyo."

"Basi mpe tatu," alisema Tembo.

"Asante, Mzee Tembo," alianza Sange, akiinama tena. "Asante, wewe ni baba, asante..."

"Hata tatu asipewe," alisema Nyati. "Mpe ile ya katikati, isiyo kubwa wala ndogo. Mpe saba."

Sange akainuka mchangani. Pua yake ikaacha kuchezacheza.

"Hushukuru?" aliuliza Nyati.

"Nashukuru," alisema kwa sauti ya chini, akageuka kwenda zake.

"Umeisikia hiyo?" Nyati alimwambia Tembo. "Hiyo ndiyo sauti ya mtu aliyepewa anachostahili."

Alfajiri ya kwanza Tumbili alizitikisa dadu, kwacha kwacha kwacha, akazirusha. Ta. Ta. Moja na moja.

"Mbili," alisema Tumbili.

Nyati akaingia kisimani, chubwi.

Mama Pacha alirudi nyumbani midomo imekauka. "Namba yenyewe ulipewa mkononi," alisema. "Ukaiachia."

Sange alikuwa ameshaanza kufagia. "Mke wangu, mtu akitaka kufika kwetu apite wapi?"

"Popote. Njia ni nyingi."

"Na akitaka kwenda kwa Kakakuona?"

"Iko moja tu."

"Basi namba nazo ni nyumba. Dadu moja iko kulia, nyingine kushoto. Kwenye nyumba ya mbili utafikaje?"

"Moja kulia, moja kushoto."

"Njia nyingine?"

"Hakuna."

"Kumi na mbili?"

"Sita na sita. Hakuna nyingine."

"Sasa njoo kwetu, kwa saba."

Mama Pacha alifumba macho. "Moja na sita. Mbili na tano. Tatu na nne. Njia tatu."

"Na sita ikiwa kulia, moja ikawa kushoto?"

Akafumbua macho. "Hiyo ni njia nyingine. Basi na tano na mbili. Na nne na tatu." Akamtazama mumewe. "Sita."

"Nyati na nyumba zake mbili ana njia tatu. Mzee Tembo ana moja. Sisi tuna sita, na hakuna namba inayotuzidi."

"Lakini leo amekunywa yeye."

"Ndiyo. Hata njia nyembamba ina siku yake ya kupitiwa."

Kesho yake zikaja nne na nne, yaani nane, ambayo haikuwa ya mtu. Tumbili akarusha tena. Ta. Ta. Tano na mbili. Mama Pacha akanywa maji yanayoonyesha mchanga wa chini. Asubuhi iliyofuata, saba tena. Kisha kumi na moja, Nyati akagaagaa. Kisha saba, na saba. Maziwa yakarudi, na watoto wakaanza kumfuata baba yao kwenye njia zake.

Nyati akawa hasemi na mtu. Siku moja akamwambia Tumbili, "Mbili haijaja tangu siku ile. Lazima ije leo. Ni zamu yake."

"Dadu hazikumbuki jana, Bwana Nyati. Anayekumbuka ni mimi."

Ikaja saba.

"Basi nimechoka na kila siku, kila siku," alisema Nyati. "Kesho turushe kwa mara ya mwisho. Atakayepata achukue kisima msimu mzima."

"Kubali," Mama Pacha alimnong'oneza mumewe. "Njia sita kwa tatu."

Sange akatikisa kichwa. "Hapana, Bwana Nyati. Kila asubuhi, kama tulivyopatana."

"Unaogopa."

"Naogopa sana."

Njiani alimwambia mkewe, "Njia sita zinamfaa mtu mwenye asubuhi nyingi. Kwa asubuhi moja, zile tatu za Nyati zinatosha kabisa kuniulia watoto."

Ilikuwa hivyo mpaka siku Sange alipochelewa kuondoka kisimani. Alikuwa amekunywa wa kwanza. Nyati alikuwa amejisukuma wa pili, kama kawaida yake. Wa mwisho akaja Mzee Tembo. Alitia mkonga kwenye matope, akautoa, akapuliza, akautia tena, akitafuta palipo na maji. Hakulalamika. Na Sange akaona jambo ambalo hakuwa ameliona: ncha ya pembe moja ya Tembo ilikuwa imevunjika, na kipande chake kilikuwa bado kimekwama kwenye ukingo wa kisima.

Sange akamsogelea.

"Mzee, nina neno." Akachora kwa mguu mchangani njia zote, za mbili, za saba, za kumi na moja na za kumi na mbili, asifiche hata moja.

Tembo alizihesabu kwa ncha ya mkonga. "Yangu ina njia moja."

"Moja, Mzee."

"Na ulijua siku ile."

"Nilijua."

"Na zile asante zote?"

"Zilikuwa za uongo. Nilimtegea nazo Bwana Nyati."

"Nilisema mimi," alinguruma Nyati kutoka kwenye matope ya pembeni. "Mkanyage."

Tembo akainua mguu. Kivuli chake kikamfunika Sange mzima. Njia zilikuwa safi na Sange angeweza kukimbia, lakini hakukimbia.

"Watoto wako wamepona?" aliuliza Tembo.

"Wanakimbia, Mzee."

Mguu ukashuka taratibu, pembeni.

"Mbona umekuja kuniambia?"

"Kwa sababu tuligombania zamu ya kisima, wala hapana aliyemshukuru aliyekichimba. Watoto wangu wako hai kwa kazi yako. Asante, Mzee Tembo."

Tembo akamwinamia. "Siku ile ulisema nyingi. Leo umesema moja."

"Hii ina njia moja tu, Mzee."

Tembo akacheka kwa tumbo, hata mchanga ukateremka kisimani. Kisha akamwambia Tumbili aziweke dadu.

"Wadogo wataanza. Wakinywa wote, maji hayapungui hata unyayo mmoja. Halafu mimi. Nyati, wewe na miguu yako minne, utakuwa wa mwisho."

"Kwa nini niwe mimi?"

"Kwa sababu wa mwisho anaweza kugaagaa mpaka jioni bila kufukuzwa."

Nyati alifikiri. Masikio yakamlegea kwa raha. "Mpaka jioni? Asante, Mzee. Asante sana. Asante kabisa."

Sange akamgeukia mkewe, aliyekuwa akimsubiri kando ya kisima. "Mbona anashukuru hivyo?"

Nilivyoipokea ndivyo nilivyoitoa, na mafunzo yake ni haya: hesabu njia kabla hujachagua nyumba, na ukishashiba maji mkumbuke aliyechimba.