Chai ya Amana ya Bibi Safura

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika milima ya Yunnan, kusini-magharibi mwa nchi ya Uchina, aliishi zamani mjane mchamungu aitwaye Bibi Safura. Waislamu wa kijiji kile walikuwa wachache, na kazi yao ilikuwa chai. Si chai hii yetu, ya maziwa na sukari mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Yao ilikuwa ya kijani. Walichuma majani machanga asubuhi, wakayakaanga katika karai kavu yasigeuke rangi, wakayafikicha kwa viganja, kisha wakayaanika juani. Kwao wao, chai iliyopoteza ukijani wake ilikuwa imekufa, haina wa kuinunua.

Basi jirani yake, Luqman Ma, alipojaaliwa kwenda kuhiji, alimwekea Bibi Safura magunia ya chai yake yote. Akamwambia, "Mama, hii ndiyo riziki ya wanangu nitakaporudi. Nakuachia wewe baada ya Mungu."

Naye akaitikia, "Nimeipokea, mwanangu. Nenda kwa salama."

Msimu wa mvua ukaingia. Siku moja Bibi Safura aliitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, akatoka mbio bila kufunga dirisha la ghala. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi. Lakini Bibi Safura aliporudi alikuta mvua imeingia na magunia yameloa mpaka ndani. Akakaa chini akalia, kwa maana alijua kosa ni lake.

Jua halikuonekana wala halikutarajiwa. Aliyamwaga majani, akayarundika pakavu, akayafunika kwa shuka zake za kulalia. Baada ya siku chache alitia mkono ndani ya rundo, akalikuta lina moto kama paji la mgonjwa wa homa. Akachelea yasije yakaungua, akalipindua lote kwa mikono yake, ya chini yakaja juu, akafunika tena. Likapata moto tena, akapindua tena. Akaendelea hivyo msimu mzima, mgongo unamuuma na istighfari haimtoki mdomoni. Na majani yakazidi kuwa meusi tu. Mawingu yalipoondoka aliyatandaza kivulini yakakauka, akayarudisha katika magunia.

Mdogo wake, Zakaria, hakuwa mtu mbaya; alikuwa na haraka ya kumaliza mambo. Alimwambia, "Dada, chukua majani ya shamba lako, tandaza juu ya kila gunia. Haji atafungua, ataona kijani, atakushukuru."

"Na yaliyo chini?"

"Ya chini atakutana nayo mnunuzi wa mbali huko."

"Kwani mnunuzi wa mbali si mja wa Mungu?"

Zakaria akakuna kichwa. "Basi walau onja, ujue kama imeoza kweli au la."

"Nikionja nitakuwa nimekunywa chai ya mtu," akasema Bibi Safura. "Nimeiharibu kwa uzembe, nisije nikaila kwa makusudi."

Tazama mambo ya watu hawa! Sisi jirani akituachia kuku, akirudi anakuta manyoya. Bibi yule alilala nyumba moja na magunia yale siku zote hizo, wala hakutia hata jani moja katika maji ya moto. Akanuia moyoni kwamba Haji akirudi atampa shamba lake, nalo ndilo alilokuwa akiishi kwalo.

Haji Luqman akarudi. Alikuwa amekonda, na tumbo lake lilikuwa limevurugika kwa nyama kavu na mafuta ya njiani. Kabla hajamaliza kusalimiwa, Bibi Safura alimshika mkono akampeleka ghalani.

"Haji, nilisahau dirisha, mvua ikaingia. Amana yako ni hii, imekuwa nyeusi. Shamba langu ni lako tangu leo. Nakuomba uniwie radhi."

Haji aliinamia gunia, akachota majani kiganjani, akayanusa.

"Mama, umeionja?"

"Ningeionjaje, na wewe hukunipa ruhusa?"

Haji akaomba maji ya moto. Majani yakatoa rangi nyekundu iliyoiva, na harufu ya udongo uliopata mvua. Akasema bismillahi, akanywa funda moja. Akanywa la pili. Akamaliza kikombe, akajitilia kingine, akaketi kwenye gunia huku mkono wake uko juu ya tumbo.

"Subhanallah," akasema. "Haina uchungu. Na tumbo langu limetulia, sikupata utulivu huu tangu niingie safarini. Mama, nilikuachia chai mbichi, umenirudishia iliyoiva! Na watu wa kaskazini, walao nyama na mafuta kila siku, watainunua wakishindana. Shamba lako kaa nalo."

"Usinifariji, Haji. Sema kweli."

Haji akacheka mpaka akafuta machozi. Akajaza kikombe, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Nimekuhalalishia. Sasa onja."

Bibi Safura akanywa. Akafumba macho, akashusha pumzi aliyoizuia tangu siku ile ya mvua, akasema neno moja tu: "Kumbe!" Kisha akasujudu palepale, katikati ya magunia.

Wazee wa huko husema kwamba chai ile nyeusi hulainisha tumbo baada ya mlo wa mafuta. Majani ni sababu, na shifaa ni ya Mola. Nami nikiikumbuka mikono ya bibi yule husema: ewe unayelilia jambo lako ukidhani limeoza, lipindue kwa subira na usimdanganye mwenye amana. Huenda Mola wako analiivisha, nawe bado hujapewa ruhusa ya kuonja.